Mguu wa Kondoo Niliomchomea Shosho

Hyattsville, Maryland
Alasiri, siku ya kwanza ya Pasaka yao

Da Zai,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi Mama Faith, na kutoka kwa Faith mwenyewe, ambaye ameniona nimekaa na kalamu akaniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida ya watoto wa huku, namwandikia nani. Nikamjibu, rafiki yangu. Hakuuliza zaidi, akachukua koti lake akaenda kazini. U hali gani huko uliko? Kifua kimeacha kukusumbua? Nimeuliza hivyo kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba barua haianzi bila kumjulia mtu hali, halafu nikaweka kalamu chini. Nikaona ni upumbavu kumuuliza habari za kifua mtu aliyelala Tabora tangu mvua za mwaka jana. Lakini sifuti. Nataka kujua.

Sisi huku mwili ni mzima. Kinachoniuma ni uso. Sina uso wa kumtazama nao mtu, dada, na ndiyo maana nakuandikia wewe, usiyeweza kunitazama.

Nimemharibia Shosho Pasaka.

Nikueleze taratibu, maana nikieleza mbio nitajitetea, na sitaki kujitetea.

Unakumbuka siku uliyonipeleka Silver Spring nikamjue yule bibi mzee wa Kiyahudi uliyekuwa ukimtunza, ulipoanza kuishiwa nguvu ukataka mtu wa kushika nafasi yako? Ulinionyesha jikoni kabla hujanionyesha hata choo. Sinki mbili. Vibandiko vya bluu kwenye vyombo vya maziwa, vyekundu kwenye vyombo vya nyama, vyote umevibandika kwa mkono wako, maana kwao maziwa na nyama havikutani. Ukanishika kiwiko ukasema, "Mama Faith, wewe ni mpishi mzuri, najua. Hapa usiwe mpishi. Jikoni kwa Bibi usibuni kitu. Usichokijua, uliza. Unachokijua, uliza vilevile." Nikaitikia, ndiyo dada, ndiyo dada. Na yeye aliponiambia jina lake ni Shoshana, mimi nikamwita Shosho papo hapo, kwa kuwa kwetu Kenya ndivyo watoto wanavyomwita nyanya yao. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Nyanya kwetu ni za mchuzi," ukasema. "Nyie Wakenya mtamla huyu mama." Yeye alipoelezwa alifurahi kuliko sisi wawili, na tangu siku ile akiitwa kwa jina lote haitiki.

Siku ile ile nilikuuliza mbona kuna kipande cha ukuta mkabala na mlango hakina plasta wala rangi, ukubwa wa sinia la pilau, na nyumba yenyewe ni nzuri. Nikasema fundi aliwakimbia na pesa. Ukanijibu hakuna fundi aliyekimbia, pameachwa makusudi, kwa ajili ya kuikumbuka nyumba yao ya ibada iliyoungua zamani kule Yerusalemu. Mimi nikaguna tu. Nikajiambia, mambo ya wazee. Nilikuwa namwonea huruma, unajua? Mimi, mama wa kanisa, ninayesoma Maandiko kila asubuhi kabla ya chai, nilimwona kama mtu aliyebakiwa na ukuta mbovu.

Baadaye ukasafiri kwenda nyumbani kupumzika, na hukurudi. Hitima yako ilisomwa Woodbridge kwa binamu yako. Nilikwenda, nikajifunga mtandio, nikakaa na wale akina mama, nikapewa pilau. Kwetu sisi mtu akifa ana kaburi. Unakwenda, unang'oa majani, unasema naye kidogo, unarudi nyumbani umepungukiwa na mzigo. Wewe sina pa kukuendea. Nilipomwambia Shosho hivyo aliniuliza Tabora ni mbali kiasi gani, nikamwambia ni mbali kuliko bahari. Akafikiri. Kisha akasema, "Basi tutafanya hapa mezani." Kila Ijumaa jioni, akishachovya kipande cha mkate kwenye chumvi, kabla hajala, anasema jina lako. Zainabu. Analitamka vibaya, ile zeti yake ngumu, lakini anasema.

Sasa hapa ndipo aibu yangu inapoanzia, siyo kwenye nyama.

Nilichoka kulisikia jina lako.

Samahani, dada. Nimeandika nimeandika. Zainabu alikuwa anapanga mito hivi. Zainabu alijua dawa ipi kwanza. Zainabu alikuwa anaimba akifagia. Mimi nakulilia nyumbani kwangu, nikifika kwake nakuonea wivu, wewe uliye kaburini. Nilitaka siku moja, moja tu, Shosho aseme kwamba kuna kitu ambacho hata Zainabu hakuwahi kumfanyia. Na moyoni nilikuwa na neno ambalo kama ungekuwa hai nisingethubutu kulisema. Nilijiambia, Zainabu ni mtu mwema lakini ni Mwislamu, habari za watu wa kale wa kutoka Misri mimi ndiye ninayezijua. Mimi ndiye nitakayempatia bibi huyu Pasaka ya kweli.

Basi ilipokaribia Pasaka yao, Debora akaja tukaanza usafi. Debora unamjua, binti yake pekee, yule uliyesema ana macho makali na moyo wa maandazi. Ulinisimulia usafi ule lakini nilidhani unatia chumvi. Tulitoa kila chenye hamira, hata makombo ndani ya mifuko ya makoti ya mume wa Shosho aliyekufa zamani. Tukasugua friji kwa mswaki. Debora akaichoma oveni tupu mpaka nyumba ikanuka chuma, akafunika meza za jikoni kwa karatasi za foili, tukatoa kwenye chumba cha chini masanduku ya vyombo vya Pasaka, vile vinavyotumika mara moja kwa mwaka. Vibandiko vyako viko huko pia. Nilivisugua vile vyombo kwa moyo wote, Mungu shahidi.

Halafu nikaona chakula chenyewe. Debora alikuja na nyama ya ng'ombe imechemshwa na karoti. Samaki wa kusaga. Supu ya kuku. Na kwenye sahani maalumu ya katikati ya meza akaweka yai, majani, mzizi mchungu, na mfupa mmoja mkavu. Nikamuuliza, na kondoo yuko wapi? Akaniambia, huku anatafuta miwani yake, "Ni huo mfupa." Nikauangalia ule mfupa. Haukuwa na nyama ya kumtosha hata paka.

Da Zai, uliza mtoto yeyote wa shule ya Jumapili kwetu Vihiga, atakwambia watu walikula nini usiku ule wa Misri. Kondoo, amechomwa kwa moto, asichemshwe, na majani machungu. Nikawaona hawa wamesahau. Nikajiambia uzee umemchosha Shosho, na Debora ana kazi nyingi, hakuna wa kuwachomea. Jumapili nikasimama kwenye ushirika wa akina mama kule Laurel nikatangaza kwamba mwaka huu nitamwandalia mama Myahudi Pasaka kama Mungu alivyoagiza. Wakapiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi. Wananingoja Jumapili ijayo niwape ushuhuda.

Na nyama nilinunua wapi? Kwa yule mchinjaji wako wa hapa Hyattsville, mwenye kofia nyeupe, anayekuongezea maini. Nilijisifu kwa hilo hasa. Nilisema, mimi si mjinga, sichukui nyama ya dukani ovyo. Kama nyama hii ilimfaa Zainabu, itamfaa Shosho. Bila shaka unashika kichwa sasa hivi. Wewe ungejua. Wewe tangu utoto ulijua kwamba nyama ina mwenyewe aliyeichinja na jina lililotajwa juu yake, na kwamba kila watu wana wachinjaji wao. Mimi nilikulia kwenye nyama ya yeyote.

Jana asubuhi Debora alikwenda kwake kuoga na kuleta nguo za siku mbili. Shosho alikuwa amelala baada ya dawa. Niliuweka ule mguu wa kondoo kwenye friji kidogo wakati natafuta chombo. Nikachagua sufuria ya kuokea yenye kibandiko chekundu, nikajipongeza. Nikachukua kisu chekundu, nikautoboa, nikaupaka kitunguu saumu na chumvi, nikautia kwenye oveni. Ukanukia, dada. Sijawahi kuchoma nyama ikanukia vile. Nilikuwa naimba.

Nikasikia kigari chake cha kutembelea kinakwaruza sakafu. Akasimama mlangoni mwa jikoni na gauni la kulalia, nywele zimesimama, anavuta pua kama mtoto.

"Kinanukia nini?"

Nikamwambia, "Pasaka, Shosho. Ya kweli."

Nikafungua oveni nimwonyeshe. Najiona hadi sasa nimeinama pale na kitambaa mkononi, natabasamu, nangoja kusifiwa. Alitazama oveni, akatazama sufuria, akatazama kisu juu ya foili. Kisha akavuta kiti akakaa, polepole sana, akaniuliza umenunua wapi. Nikamwambia. Akafumba macho.

"Mpigie Debora," akasema. "Na zima moto, mwanangu."

Nikazima oveni, lile neno mwanangu likinibaki masikioni. Nilianza kuelewa kabla sijaelezwa.

Debora alifika na nywele mbichi. Hakupiga kelele mwanzoni. Alizunguka jikoni anagusa vitu kwa ncha ya kidole, hiki, na hiki, na hiki. Halafu akakaa sakafuni, mwanamke mzima, akaegemea friji. "Wiki mbili," akasema. "Wiki mbili tumesugua wote wawili. Kwa nini hukuuliza?" Mimi nikaanza kueleza habari za Misri, moto, majani machungu. Akanitazama akasema, "Zainabu angekuwa hai hili lisingetokea."

Nilistahili. Lakini lilikuwa jina lako tena, na safari hii lilikuwa kweli.

Shosho ndiye aliyemnyamazisha. "Debora, acha. Huyu ameisoma Sheria ya Musa kuliko wajukuu zangu wote. Shida yake ameishia mwanzoni, hakuna aliyemwambia kilichotokea baadaye. Mpigie rabi."

Rabi, yule kiongozi wao wa dini, akapatikana kwenye simu, na alipomsikia Debora analia akasema anataka kuongea na aliyepika. Nikapewa simu. Dada, nimewahi kutubu mbele ya kanisa zima, lakini haikuwa kama ile simu. Aliniuliza kimoja kimoja, kwa upole, kama daktari. Nyama ilikaa wapi kabla ya oveni? Kwenye friji. Juu ya nini? Juu ya bakuli la samaki. Ilidondosha? Ningeweza kusema hapana. Debora hakuwa ameona. Nikasema ndiyo, nilipangusa kwa kidole. Kisu kipi? Uliosha wapi? Supu ilikuwa imefunikwa? Nikajibu yote. Mwishoni akashusha pumzi, akasema yeye ni rabi tangu ujana wake na hakuna mtu aliyewahi kumletea swali hili, kisha akanishukuru kwa kusema kweli. Akaamua: samaki atupwe, sufuria na kisu vitoke, oveni ijichome tena yenyewe tangu mwanzo, supu na nyama ya karoti vimepona. Debora akaenda kugonga kwa majirani kutafuta samaki.

Madirisha yakafunguliwa, oveni ikawa inaunguruma. Shosho akanikalisha kwenye meza ya chakula akanipa ule mzizi mchungu niukwaruze. Ni mweupe kama muhogo, na unatoa machozi kuliko vitunguu vya gunia zima. Nadhani alinipa kwa makusudi. Tulikuwa tunalia wote wawili, na hakuna aliyejua nani analia mzizi na nani analia lake.

Akaanza kuniambia. Nakuwekea kwa Kiswahili kama nilivyoelewa mimi, na nikikosea unirekebishe.

Alisema zamani mambo yao yote ya Mungu yalikuwa kwenye nyumba moja. Ukikosea, unapeleka mnyama. Ukifurahi, unapeleka mnyama. Kondoo wa Pasaka alikuwa wa nyumba hiyo, hukuweza kumchinja popote unapotaka. Halafu Warumi wakaja wakaichoma nyumba. "Fikiria," akasema, "umekosea, na huna pa kupeleka kosa lako." Nikamwambia, Shosho, sihitaji kufikiria. Akacheka kidogo, akajipangusa pua.

Akasema kuna waliotaka kuacha kila kitu. Wakasema hatuli nyama tena, hatunywi divai, maana vyote vilikuwa vya madhabahu na madhabahu haipo. Walimu wao wakawauliza, basi na mkate pia mtauacha? Maana mkate nao ulikuwa unapelekwa. Na matunda? Na maji je, maana hata maji yalimwagwa pale? Ndipo walimu wakawaambia, msiache kuishi. Jengeni nyumba zenu, pakeni rangi, ila kipande kimoja cha ukuta kiacheni. Andaeni karamu, ila kitu kimoja mkiache. Mahali pa mnyama wa asubuhi wekeni sala ya asubuhi, mahali pa mnyama wa jioni wekeni sala ya jioni. Mahali pa madhabahu wekeni meza ya nyumbani, na ndiyo maana ile chumvi kwenye mkate wa Ijumaa, kwa sababu zamani kilichopelekwa madhabahuni kilitiwa chumvi. Kwa miezi yote hii nilidhani Shosho anapenda chumvi. Nilikuwa nikimficha kwa ajili ya presha yake.

"Na kondoo wa kuchoma?" nikauliza.

"Kondoo wa kuchoma kwenye usiku huu ndicho kitu tunachokiacha. Tunaweka mfupa tu. Nikila kondoo wako nitakuwa nimejifanya kwamba nyumba haikuungua."

Nikamuuliza, sasa baada ya hapo mlikwenda kwa Mungu na nini? Akanionyesha viganja vyake vitupu, vina rangi ya mzizi na mikunjo yote ile. "Hivi," akasema. "Na maneno. Tuliona haya sana mwanzoni."

Da Zai, niliangalia ule ukuta. Nakwambia kweli, nimepita mbele yake kila siku ya kazi na sijawahi kuuangalia. Nikaona nilichotaka kufanya. Nilitaka kupaka rangi mahali pako. Nilitaka kupaka vizuri sana, kwa rangi nzuri kuliko nyumba yote, mpaka mtu akiingia asijue kwamba kulikuwa na Zainabu.

Majirani wakaanza kuja na masufuria yamefunikwa, wanacheka, habari imeshafika mtaa mzima. Mzee mmoja akaniuliza kama ni kweli nilimpikia Shosho kondoo, akasema angepata mke wa hivyo angeoa tena. Walikuwa wema. Ndio wema wao ulionishinda. Nikavaa koti. Shosho akaniuliza ninakwenda wapi, kiti changu kimewekwa. Nikasema Faith ananingoja nyumbani. Uongo. Faith alikuwa dukani anakofanya kazi mpaka usiku, na Shosho anazijua zamu za Faith kuliko mimi.

Akaniacha mpaka nikashika kitasa. Akasema, "Mlango wa Zainabu nani ataufungua?"

Uliwahi kuniambia, nikasahau. Mwaka baada ya mwaka ulikuwa unakwenda siku hizo bila malipo, kwa mwaliko, na kuna mahali katikati ya karamu wanapomfungulia mlango Nabii Eliya, wakimwekea na kikombe. Ulipata kazi hiyo kwa sababu ulikuwa na magoti mazuri kuliko wote. Ulijisifu, "Mimi ndiye bawabu wa Nabii Ilyasi." Ulisema mwaka wa kwanza ulisimama pale mlangoni na baridi ile ukasahau kufunga, mpaka Debora akakuuliza kama umemwona, ukamjibu bado anatafuta maegesho.

Nikageuza kitasa, Shosho ananitazama. Akasema, "Basi kesho. Sisi tulio mbali na Yerusalemu tunafanya usiku mara mbili." Nilipouliza kwa nini, akasema zamani walio mbali hawakuwa na hakika mwezi umeandama lini, kwa hiyo waliongeza siku, na hata walipopata hakika hawakuacha. Ungecheka hapo. Wewe na binamu zako na simu za Idi, umeonekana, haujaonekana, Tabora wamefunga, Woodbridge wamefungua.

Nikatoka na ule mguu wa kondoo ndani ya mfuko mweusi wa taka. Kwenye basi watu walikuwa wanageuka kwa ile harufu. Nilishindwa kuutupa, chakula hakitupwi, na nilishindwa kuula. Nikampa jirani yangu Mama Chantal, yule Mkongomani wa mlango wa pili. Asubuhi hii amenigongea kurudisha sahani. "Mama, hii nyama ni ya baraka," akasema. "Unifundishe." Nikaingia bafuni nikafungulia maji.

Hapo ndipo nilipo sasa. Usiku wa pili ni leo. Siwezi kupiga simu kutoa udhuru, maana siku kama ya leo simu hawagusi. Siwezi kumtumia Debora ujumbe kwamba nina mafua. Ni kwenda au kutokwenda. Na nisipokwenda leo, dada, najijua. Keshokutwa nitaona haya zaidi, wiki ijayo nitaomba wakala wa kazi anibadilishie nyumba, na wewe uliniambia neno moja tu uwanja wa ndege, ukiwa kwenye kile kiti cha magurudumu, ukaniambia usimwache Bibi.

Tangu adhuhuri nazunguka hapa nyumbani nikitafuta cha kubeba. Kwetu mtu haendi kwa watu mikono mitupu, unajua. Hata kama ni sukari robo, hata kama ni ndizi. Mama yangu angeona bora nisiende kuliko niende hivyo. Nilitoa matunda kwenye friji nikayarudisha. Nikafikiria maua, sijui kama maua yana sheria. Nikafikiria kuoka, nikajicheka. Kila kitu ninachoshika naona kinaweza kukosea. Halafu nikakumbuka vile viganja vya Shosho, na alivyosema waliona haya sana mwanzoni.

Basi nitakwenda hivi hivi. Nimevaa ile kanga uliyoniachia, juu nimevaa koti. Sina kitu mkononi, na naona aibu kama mtu aliyetoka bila nguo, lakini nitakwenda nayo hiyo aibu. Nitaingia, na nikifika jikoni nitauliza nikae wapi, niguse nini. Nitamwambia Debora kwamba alisema kweli kuhusu wewe. Nitamwambia Shosho kwamba Faith hakuwa ananingoja. Na Jumapili Laurel nitasimama niwape wale akina mama ushuhuda, siyo ule waliouandalia makofi.

Na ukifika wakati wa mlango, kama watanipa bado, nitaufungua. Magoti yangu si kama yako lakini yatatosha. Nitasema ninashika zamu ya Zainabu. Sitasema ni yangu. Nakuahidi hilo, na nakuahidi kila Ijumaa nitalisikiliza jina lako mpaka mwisho bila kuondoa vyombo mezani, na nitaacha kumficha chumvi, nitamwachia kidogo.

Sijui jana usiku nani aliufungua. Hilo limenikaa moyoni.

Kwa heri, dada yangu. Ukiona nimekosea tena, au ukiona leo nimefanya vizuri, niandikie kwa njia yoyote unayoweza. Usikawie kunijibu. Sasa nakunja karatasi, basi langu linapita saa kumi na mbili kasorobo, na natoka mapema nisije nikapata sababu ya kutokwenda.

Mimi mwenzako,
Mama Faith